Taulo la Kukaushia Vioo: Jinsi ya Kulichagua na Kulitunza

Miongoni mwa vyama wanachama vimo vile ambavyo watu wake hupata riziki kwa kuosha madirisha ya ofisi, hospitali, shule na maduka. Vyama hivyo vinapoandaa makisio ya mwaka, fedha nyingi hutengwa kwa ajili ya ngazi, ndoo, sabuni na sare. Taulo la kukaushia hutajwa mwishoni kabisa, aghalabu kwa neno moja tu: "vitambaa". Hivyo mweka hazina huenda sokoni akanunua kile kilicho cha bei nafuu kuliko vyote, na mfanyakazi aliye juu ya ngazi ndiye anayebaki na taabu ya kulirudia dirisha.

Dirisha linalorudiwa lina gharama yake. Tuchukue mfano wa jengo lenye madirisha 200. Iwapo taulo baya linamlazimu mwoshaji kuongeza dakika mbili tu kwa kila dirisha, hizo ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40. Chama kimepoteza karibu siku nzima ya mtu mmoja, na siku hiyo haikuandikwa katika zabuni wala hakuna atakayeilipa. Tena kila kurudia ni kupanda ngazi upya, na ajali za ngazi hazichagui kama mtu anapanda kwa mara ya kwanza au ya pili.

Kabla ya kuzungumzia aina za mataulo, yafaa ieleweke taulo lina kazi gani. Mwoshaji husugua kioo kwa kitambaa cha manyoya kilicholoweshwa maji ya sabuni, kisha huyavuta maji yale kwa kifutio chenye ulimi wa mpira. Kifutio cha namna hii kilisajiliwa kwa hataza nchini Marekani mwaka 1936 na Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akiosha madirisha katika mji wa Oakland, na umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Ulimi wa mpira ulio mzima, ukivutwa sawasawa, huondoa karibu maji yote. Lakini haufiki kabisa kwenye pembe, wala mahali kioo kinapokutana na fremu. Hapo hubaki mstari mwembamba wa maji. Taulo lipo ili kuukausha mstari huo, kuufuta ulimi wa mpira kila baada ya mvuto mmoja, na kupangusa maji yaliyoangukia ukingo wa chini wa dirisha. Taulo halioshi kioo. Mwoshaji anayelizungusha taulo juu ya kioo kizima, ama kifutio chake kimekwisha makali, ama hajafundishwa kazi, na hakuna taulo litakalomwondolea shida hiyo.

Kwetu sisi wa pwani jambo hili lina uzito zaidi. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao yana chumvi na chokaa. Tone likiachwa likauke lenyewe juani, maji hugeuka mvuke na chokaa hubaki pale pale kama doa jeupe. Doa hilo likikaa muda mrefu hushikamana na kioo hata likahitaji dawa yenye asidi kuliondoa. Ndiyo maana sifa ya kwanza ya taulo la mwoshaji vioo ni wepesi wake wa kunyonya. Wingi wa maji linayoweza kubeba huja nyuma ya sifa hiyo. Taulo zito linaloweza kubeba nusu lita lakini linalichelewesha tone halimfai mtu anayefanya kazi upande wa jua saa sita mchana.

Kitambaa hunyonya maji kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uzi wenyewe kuyapenda maji na kuyapokea ndani yake. Pamba na kitani ni nyuzi za namna hiyo. Katika hewa ya maabara, yenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba iliyokauka hushika maji ya takriban asilimia 8 ya uzito wake, na kitani hufikia takriban asilimia 12. Poliesta, ambayo hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, haifikii hata nusu ya asilimia moja. Njia ya pili ni ile ya utambi wa koroboi: mafuta hupanda kwa sababu ya nafasi ndogo mno zilizo kati ya nyuzi. Kadiri nafasi hizo zinavyokuwa nyembamba na nyingi, ndivyo maji yanavyovutwa kwa nguvu. Njia hii ya pili ndiyo inayofanya kazi kubwa mtu anapopangusa kioo, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi, kwa sababu chochote kinachofunika nyuzi kwa utando wa mafuta, nta au sabuni huyazuia maji yasiingie katika nafasi hizo.

Tukilijua hilo, tutaelewa kwa nini taulo jipya la dukani, laini na la kupendeza mkononi, aghalabu huyasukuma maji badala ya kuyanyonya. Ulaini huo umetokana na dawa iliyotiwa kiwandani ili mnunuzi avutiwe. Hali kadhalika marekani, ile pamba isiyopaushwa, hununuliwa na baadhi ya vyama kwa kuwa bei yake ni nafuu, na watu hushangaa kuona tone likisimama juu yake kama juu ya jani la mgomba. Pamba ghafi ina nta yake ya asili, na nyuzi zake hupakwa wanga kabla ya kufumwa. Marekani hufaa tu baada ya kuchemshwa kwa maji ya sabuni na magadi kidogo, kisha kusuuzwa mara kadhaa hadi maji yatoke safi. Taulo lolote jipya la pamba, kwa bei yoyote, lifuliwe walau mara tatu kabla ya kupelekwa kazini.

Sasa tuziangalie aina zipatikanazo.

Taulo la kawaida la bafuni lina vitanzi pande zote mbili. Vitanzi hivyo hubeba maji mengi, na kwa kupangusa ukingo wa chini au sakafu iliyodondokewa hakuna linaloshinda. Lakini kwenye kioo vitanzi huachia manyoya, yaani vile vipande vidogo vya nyuzi vinavyoonekana wazi jua likipiga dirisha. Tena huwa nene, halikunjiki vizuri kuingia pembeni. Chama kisilinunue kama taulo la kioo.

Aina ninayoipendekeza kwa kioo ni taulo la chumba cha upasuaji. Hili ni taulo jepesi la pamba, aghalabu la rangi ya buluu au kijani, lisilo na vitanzi, bali lenye vijinundu vidogo vilivyotokana na namna ya kufumwa kwake. Lilitengenezwa hivyo kwa sababu manyoya yakiingia katika kidonda cha mgonjwa huleta madhara. Waoshaji vioo wa Marekani waligundua kwamba kile kinachomfaa daktari kinawafaa na wao, na huko mataulo ya hospitali yaliyokwisha kutumika na kufuliwa huuzwa kwa ajili ya kazi hii. Kipimo chake cha kawaida ni takriban sentimita 40 kwa 65. Ukilikunja mara mbili unapata tabaka nne, na kwa kulifungua na kuligeuza unapata nyuso nane kavu kabla ya kulazimika kuchukua jingine. Vijinundu vyake huingia katika mstari wa maji uliopo kwenye fremu, na wembamba wake humwezesha mwoshaji kulisukuma pembeni kwa ncha ya kidole.

Jamaa yake wa karibu ni kitambaa cha kitani chenye ufumaji wa wazi, ambacho waoshaji wa Uingereza wamekitumia kwa vizazi vingi. Ni kizuri sana na hakitoi manyoya, ila kwetu ni adimu na ni ghali. Ngozi laini iliyotengenezwa kwa mafuta ya samaki, ambayo siku hizi aghalabu ni ya kondoo, nayo hukausha vizuri. Lakini hufanya kazi ikiwa na unyevu tu, hukakamaa ikikauka, na katika joto letu huoza upesi ikisahauliwa ndani ya ndoo. Tusiikawilie.

Maikrofaiba yahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayouzwa kila mahali kwa majina mengi. Huu ni uzi mwembamba mno: mita 9,000 za uzi mmoja hazifikii uzito wa gramu moja. Hufanywa kwa poliesta na nailoni, aghalabu kwa sehemu 80 na 20, au 70 na 30. Katika maikrofaiba ya kweli kila uzi hupasuliwa kiwandani ukawa na kingo na mifereji, na mifereji hiyo ndiyo inayovuta maji kwa njia ile ya utambi, ijapokuwa uzi wenyewe hauyapendi maji. Zipo pia za bei ya chini ambazo nyuzi zake hazikupasuliwa, na hizo husukuma maji tu. Njia ya kuzitambua ni kuupitisha mkono mkavu, wenye ngozi ya kazi, juu ya kitambaa: kilichopasuliwa hukwama-kwama kwenye ngozi, kisichopasuliwa huteleza. Maikrofaiba huondoa alama za vidole na mafuta kuliko pamba, kwa hiyo hufaa sana kwa milango ya vioo ya benki na maduka. Kasoro yake ni kwamba ikishalowa hukokota na kuacha michirizi. Tena hushika mchanga ndani yake. Kioo kina ugumu wa takriban 5.5 katika kipimo cha Mohs, na punje za mchanga wetu wa pwani, ambazo nyingi ni kwatsi, zina ugumu wa 7. Punje moja iliyojificha ndani ya kitambaa yatosha kukikwaruza kioo ambacho chama hakina fedha ya kukilipa. Zaidi ya hayo, kila inapofuliwa huachia vipande vidogo vya plastiki vinavyokwenda na maji machafu hadi baharini, jambo ambalo wateja wengine wameanza kuliuliza.

Lakini si lazima kila kitu kinunuliwe kipya. Katika marobota ya mitumba hupatikana mataulo na mashuka ya pamba yaliyofuliwa mara nyingi hata dawa yote ya kiwandani ikatoka na manyoya yote yakaisha. Kwa mwoshaji vioo kitambaa hicho ni bora kuliko kipya. Mnunuzi aangalie kama ni pamba tupu, kwa kukichoma kiuzi kimoja: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kijinundu kigumu cheusi. Vyote vichemshwe kabla ya kutumiwa, hasa vilivyoonekana kutoka hospitali. Na tusiidharau kanga kuukuu. Mama zetu hawakukosea walipoichagua kwa ajili ya kumbebea na kumfutia mtoto, maana kanga ya pamba iliyovaliwa miaka kadhaa hunyonya papo hapo na haiachi unyoya hata mmoja. Wembamba wake huifanya ilowe mapema, hivyo haitoshi kwa siku nzima, lakini kwa kumalizia pembe ni kitambaa cha hali ya juu. Wazee wengine walifutia vioo kwa karatasi za gazeti. Nazo kweli hazitoi manyoya, ila wino wake huchafua mikono na fremu zilizopakwa rangi nyeupe.

Kamati ya ununuzi isikubali maneno ya mwuzaji bila kupima, na vipimo vyenyewe havihitaji maabara. Kwanza, dondosha tone moja la maji juu ya kitambaa kilichotandazwa, kisha hesabu hadi mng'ao wa tone utoweke. Taulo jema hulinyonya mara tu lianguikapo. Likipita sekunde tano, lirudishwe kufuliwa na kupimwa tena, na likishindwa baada ya kufuliwa mara tatu, lisinunuliwe. Pili, mwaga kijiko kimoja kidogo cha maji juu ya kioo, pangusa mara moja tu kwa uso mmoja wa taulo lililokunjwa, kisha kitazame kioo kwa kuinama ili mwanga upite ubavuni mwake. Kinachobaki hapo ndicho kitakachobaki kwenye dirisha la mteja. Tatu, sugua kitambaa kikavu juu ya kioo cheusi, au kioo chochote kilichowekewa karatasi nyeusi nyuma yake, na uyahesabu manyoya.

Uzito nao upimwe. Vyama vyetu vya mazao vimeizoea mizani kuliko mtu yeyote, na hapa inafaa mizani ndogo ya jikoni. Taulo la sentimita 40 kwa 65 lina eneo la mita za mraba 0.26. Likiwa na uzito wa gramu 52, basi uzito wake kwa mita moja ya mraba ni gramu 200, nao ni uzito ufaao kwa kioo. Taulo la bafuni laweza kufikia 500 au zaidi. Kipimo hiki kina faida nyingine: shehena ya pili ikija nyepesi kuliko sampuli mliyoikubali, mtalijua jambo hilo kabla ya kulipa.

Kuhusu bei, hesabu ifanywe kwa kila kufuliwa. Tuseme taulo moja lauzwa shilingi 3,000 na linachakaa baada ya kufuliwa mara 15. Gharama yake ni shilingi 200 kwa kila mfuo. Jingine lauzwa shilingi 6,000 na linadumu mifuo 150. Gharama yake ni shilingi 40. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila chama kijaze zake, na ili kiweze kuzijaza hakina budi kuandika katika daftari la bohari tarehe taulo lilipoingia na idadi ya mifuo yake. Alama ya uzi wa rangi kwenye upindo yatosha kuitambua shehena moja na nyingine.

Ufuaji huharibu mataulo mengi kuliko kazi yenyewe. Kosa kubwa ni kutia dawa ya kulainishia nguo. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuupaka uzi utando wa mafuta, na tumekwisha kuona utando hufanya nini. Kosa la pili ni sabuni ya mche katika maji ya kisima. Sabuni ikikutana na chokaa hufanya utando wa kijivu unaonata ndani ya kitambaa, na kila mfuo huongeza mwingine. Katika maji ya namna hiyo itumike sabuni ya unga, kwa kiasi kidogo, na katika maji ya mwisho ya kusuuzia itiwe siki kidogo ili kuyeyusha chokaa iliyosalia. Dawa ya klorini huing'arisha pamba huku ikiidhoofisha, na nailoni iliyomo katika maikrofaiba huiharibu kabisa. Maikrofaiba isifuliwe pamoja na pamba, kwa sababu hukusanya manyoya ya pamba na kuyapeleka kwenye kioo cha kesho. Isichemshwe wala kupigwa pasi, kwa kuwa joto huzifunga zile nyuzi zilizopasuliwa. Pamba yaweza kuchemshwa bila hofu. Yote yaanikwe siku ile ile. Taulo bichi likilala ndani ya ndoo usiku mmoja katika joto la Machi hunuka, na kuvu huanza kuula uzi wa pamba.

Kila mwoshaji apewe mataulo yasiyopungua sita kwa siku: manne ya kioo, moja la ulimi wa mpira, na moja zito la ukingo wa chini, na hili la mwisho liwe la rangi tofauti ili lisipande kwenye kioo kwa bahati mbaya. Chama kiwe na seti tatu za idadi hiyo, moja kazini, moja kwenye kamba, moja kabatini, maana msimu wa masika kamba haikaushi kwa siku moja. Taulo lililoanguka chini lisirudi kwenye kioo siku hiyo hata kama linaonekana safi, kwa sababu ya ule mchanga. Mataulo yachukuliwe kiunoni, kwenye mkoba au mfukoni, ili mkono mmoja ubaki huru kuishika ngazi. Mfanyakazi aliyelitupa taulo begani hulifuata kwa mkono linapoteleza, naye akiwa mita tano juu.

Chama kitakachoagiza mataulo kiandike katika hati ya agizo aina ya uzi, urefu na upana kwa sentimita, uzito kwa mita ya mraba, na sharti kwamba mawili ya sampuli yatabaki ofisini yakiwa na saini ya mwuzaji. Shehena ifunguliwe mbele ya mweka hazina na mwoshaji mmoja mzoefu, na kutoka kila robota yatolewe mataulo matatu yapimwe kwa mizani, na kwa tone la maji baada ya kufuliwa mara tatu, kabla ya hundi kuandikwa.